Gari halinywi mafuta ya breki

Gari linakunywa petroli, hilo kila mtu analijua. Gari la zamani linaweza pia kula oili ya injini kidogo kidogo, na fundi akakwambia ni umri. Lakini hakuna gari linalokunywa mafuta ya breki. Yale mafuta yamefungiwa ndani ya mfumo wake, yanasukuma halafu yanarudi palepale. Kama yamepungua, maelezo ni mawili tu: pedi za breki zimelika, au yanavuja. La tatu halipo.

Naanza na hilo kwa sababu ya kijichupa ninachokiona mara nyingi kwenye buti za magari yetu hapa Ilford. Mwenye gari anakwambia, "Aah, breki zinapungua pungua, naongeza tu. Nikishatuma ada ya mtoto Januari nitalipeleka kwa fundi." Maoni yangu nayasema wazi: kijichupa kile ni mkopo wa ghali kuliko yote tunayochukua huku ugenini. Hauna karatasi, riba yake haijaandikwa popote, na siku ya kudai hautoi notisi.

Mimi ni mhasibu, si fundi. Kazi yangu ni kukaa na risiti za watu na kuuliza hela imekwenda wapi. Lakini ukikaa na risiti za gereji muda mrefu unaanza kuona mtindo. Dada mmoja anayehudumia wazee majumbani alinipa mfuko wa risiti za mwaka mzima, ndani yake kulikuwa na vijichupa vinne vya mafuta ya breki, halafu bili moja nene. Kilichokuwa kinavuja ni silinda ndogo ya gurudumu la nyuma, ndani ya dramu, mahali ambapo huoni tone chini. Kwa kuwa aliongeza tu kwa miezi, mafuta yalilowanisha viatu vya breki, na kiatu kikishalowa mafuta hakishiki tena. Kwa hiyo akalipia silinda, akalipia viatu vya pande zote mbili, akalipia na siku mbili za kazi alizokosa. Angelipa mapema angelipia silinda.

Kwa nini tatizo hili ni letu

Kuna sababu inayofanya magari yetu yafanane. ULEZ ilipoenea London nzima tarehe 29 Agosti 2023, gari lisilofikia kiwango likawa linalipa pauni 12.50 kila siku linapotembea. Dizeli nyingi zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015 zikawa mzigo. Petroli iliyosajiliwa baada ya 2005 kwa kawaida inapita bure. Basi wengi wetu tukafanya hesabu ileile: gari dogo la petroli la 2006 au 2008, bei ya chini, ULEZ halidaiwi. Hesabu nzuri. Ila gari la 2006 sasa lina karibu miaka ishirini, na ULEZ inapima moshi, haipimi breki.

Kila majira ya baridi barabara za hapa zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kula mabomba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma. Miaka ishirini ya chumvi si mchezo.

Na tunaendesha saa ngumu. Anayeenda saiti upande wa pili wa jiji anatoka saa kumi na moja alfajiri, vifaa vimejaa buti na wenzake watatu wamekaa ndani, anaingia A406 bado giza. Mhudumu wa wazee ana nyumba nne au tano kwa shifti na dakika chache za kutoka moja kwenda nyingine. Gari kwetu ni kifaa cha kazi kama nyundo, tofauti ni kwamba nyundo ikivunjika haiui watu wanne.

Breki zinavyofanya kazi, kwa ufupi

Unakanyaga pedali. Pedali inasukuma masta silinda, na masta silinda inasukuma mafuta kupitia mabomba na hozi hadi kwenye kila gurudumu, ambako pedi zinabana diski au viatu vinabana dramu. Inawezekana kwa sababu mafuta hayabanwi yakasinyaa: ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Upepo unasinyaa. Kwa hiyo upepo ukiingia kwenye mabomba, mguu wako unabana upepo na gurudumu halipati kitu.

Magari ya miongo hii yana njia mbili za mafuta zinazojitegemea, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ndiyo maana watu wengi wanapona. Lakini nusu ya breki, vani ikiwa imejaa watu na vifaa, ni nusu kweli.

Mafuta yenyewe yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4, ambayo magari mengi yanatumia, kwa kiwango chake yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 yakiwa mapya. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unasinyaa kama upepo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua. Na kile kijichupa ulichokifungua mwaka jana kikakaa kwenye buti? Nacho kimeshanyonya maji. Unaongeza mafuta mabovu juu ya tundu.

Soma pedali, halafu soma chini ya gari

Breki mara chache zinakufa ghafla kweli. Zinaongea kwanza, na wa kwanza kusikia ni mguu wako.

Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani. Fundi anaweza kutoa upepo kwa nusu saa, lakini muulize umeingilia wapi, maana unapoingia upepo mara nyingi ndipo yanapotokea mafuta.

Ukisimama kwenye taa, mguu umekanyaga, na pedali inazama taratibu yenyewe, kuna uvujaji. Kama kitangi cha mafuta hakipungui na chini pamekauka, mshukiwa wa kwanza ni masta silinda: raba zake zimechoka na mafuta yanapita ndani kwa ndani. Hili linadanganya wengi kwa sababu hakuna tone popote.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami vizuri, angalia busta au hozi yake ya hewa. Kuna jaribio la bure. Gari limezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, baki umeikanyaga, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, busta haifanyi kazi.

Gari likivuta upande mmoja unapokanyaga, kalipa imekwama, hozi imeziba, au pedi za upande mmoja zimelowa. Ukisikia chuma kinasaga chuma, pedi zimekwisha. Hapa sheria inataka zisiwe chini ya milimita 1.5, na kufikia hapo ni kuchelewa tayari. Breki zikiwa nzuri asubuhi, zikapotea baada ya kushuka mlima au foleni ndefu ya kukanyaga kanyaga, halafu zikarudi baada ya kupoa, joto ndilo linalokuambia mafuta yamezeeka.

Halafu kuna taa nyekundu. Kwenye magari mengi ni ileile ya hendibreki, ndiyo maana tunaidharau. Umeshusha hendibreki, taa bado inawaka? Au inawaka ukikata kona tu, mfano unazunguka kipilefti cha Redbridge, halafu inazima? Mafuta yako chini. Gari likiinama yanahamia upande mmoja na boya linashuka. Hiyo si taa mbovu.

Sasa chini ya gari. Tandika boksi la karatasi usiku, asubuhi uangalie. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia, nzito. Maji ya rejeta yana rangi, kijani, waridi au buluu, na harufu ya utamu. Nyekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Maji meupe wakati wa joto ni ya kiyoyozi, lala usingizi. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza sana, yakiwa mapya yana rangi ya asali nyepesi, yakizeeka yanakuwa ya chai. Usiyaache yaguse rangi ya gari, yanaibandua, na ukiyashika nawa.

Mahali ni muhimu kuliko rangi. Tone karibu na gurudumu, au upande wa ndani wa tairi umelowa: kalipa, hozi, au silinda ya dramu. Tone katikati au kuelekea nyuma: bomba lililoliwa na kutu. Zulia limelowa juu ya pedali, ndani ya gari: masta silinda. Piga picha. Picha hiyo itakuokolea hela gereji.

Bomba lenye kutu ndilo linaloweza kukatika kweli ghafla, kwa sababu linapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku mtoto amekatiza barabara. Linasubiri dharura yako.

Likikupata barabarani

Ondoa mguu kwenye petroli. Kanyaga na kuachia pedali haraka haraka, mara nyingi inapatikana breki kidogo. Shuka gia moja moja, hata otomatiki ina gia za chini. Vuta hendibreki taratibu, si kwa mkupuo, kama ni ya swichi ivute na uishikilie. Washa hazadi, piga honi. Injini usiizime, maana usukani utakuwa mzito na msaada wa busta utaisha. Ukishasimama, safari imeishia hapo. Usiseme "nitaenda polepole mpaka nyumbani." Ita wa kuvuta.

Hesabu, sasa

Tufanye kijichupa ni pauni 8, unanunua kila miezi miwili. Mwaka ni pauni 48. MOT ya gari dogo, bei ya juu kabisa inayoruhusiwa ni pauni 54.85. Maana yake hela ya kuficha tatizo inakaribia kulipia ukaguzi mzima wa gari.

Tenga pauni 7 kwa wiki, kwenye chungu chake, pembeni na hela ya kula na ya kutuma. Mwaka ni 364. Toa MOT, zinabaki 309.15. Bei za gereji zinatofautiana, lakini hizo ni hela ambazo unaweza kukaa nazo mezani na fundi bila kuomba. Kama mnacheza upatu, nakushauri usiitegemee zamu yako kwa jambo hili. Breki hazijui zamu.

Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye tovuti ya serikali, andika namba ya gari, usome historia yake ya MOT. Ni bure. Utaona kila kilichoandikwa miaka iliyopita. Kama 2023 mkaguzi aliandika kuna kutu kwenye bomba la breki, na 2024 kikaandikwa tena, basi hukushtukizwa. Uliandikiwa barua mbili. Ukitaka kununua gari la mtu, soma hiyo kwanza kabla hujaangalia redio yake. Na ujue kwamba MOT ni picha ya siku ile tu. Mkaguzi hafungui dramu. Cheti cha Machi hakizuii tundu la Juni.

Ukienda gereji, lipia uchunguzi kabla ya kulipia spea. Wengi tunaona uchungu kumlipa mtu "aangalie tu." Kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayebadilisha pedi, halafu diski, halafu masta silinda, akitafuta kwa kubahatisha, anatafuta kwa hela yako. Uliza maneno matatu: Linavuja wapi? Nionyeshe. Kipi lazima leo na kipi kinasubiri? Omba uone spea ya zamani, na risiti iliyoandikwa kila kitu. Ila akisema pedi au diski zibadilishwe kushoto na kulia pamoja, hapo hajakupiga. Ndivyo inavyotakiwa, la sivyo gari litavuta upande.

"Ada ya mtoto haisubiri"

Najua hoja hii, na siidharau. Mama anapopiga simu kutoka Tanga au Kakamega anasema mtoto amerudishwa shule, huwezi kumjibu habari za kalipa. Lakini tuiangalie vizuri. Ukituma yote na ukaendelea kuendesha, hujachagua ada dhidi ya breki. Umechagua kuweka kwenye rehani miezi yote ya ada inayokuja.

Hapa kuendesha gari lililo katika hali ya hatari ni faini hadi pauni 2,500, pointi 3, na unaweza kufungiwa leseni. Kama umepata leseni ya Uingereza chini ya miaka miwili iliyopita, pointi 6 zinakunyang'anya leseni, na 3 ni nusu ya njia. Bila MOT ni faini hadi pauni 1,000. Gari likishaandikwa kasoro ya hatari kwenye ukaguzi, halitembei mpaka litengenezwe, hata kama cheti cha zamani hakijaisha. Na bima nyingi zina sharti la gari kuwa salama barabarani. Siku ya ajali watauliza. Sijataja bado yule uliyemgonga.

Kwa hiyo kama hela haitoshi vyote viwili mwezi huu, jibu langu si "usitume." Tuma, na gari liegeshe. Panda basi, panda Elizabeth, pandeni gari la mwenzenu mchangie petroli. Wiki mbili za kuamka mapema zaidi ni taabu, najua, hasa kwa mwenye shifti za usiku. Ni taabu inayoisha.

Kama gari ni la bosi

Wengine mnaendesha vani ya kampuni. Pedali inazama, umemwambia msimamizi, amekujibu "ongeza mafuta uende." Sheria inamwajibisha anayeruhusu gari bovu litembee, na inamwajibisha dereva pia. Kwa hiyo maneno ya mdomo hayatoshi. Mtumie ujumbe wa maandishi: tarehe, namba ya gari, pedali inafanya nini, picha ya kitangi. Andika kwamba huwezi kuliendesha mpaka liangaliwe. Najua anayeogopa kazi anaona hili ni gumu. Lakini siku ya kitu kutokea, yule msimamizi hatakumbuka alichosema, na leseni itakayoandikwa pointi ina jina lako.

Na lile gari uliloacha nyumbani

Wengi wetu tuna magari mawili: la hapa, na lile tulilomnunulia kaka au mjomba afanye biashara. Ujumbe unakuja: "Bro, nitumie hela ya mafuta ya breki." Unatuma bila kuuliza, kwa sababu ni ndogo. Mwezi wa tatu unakuja tena. Usitume ya tatu kabla hujauliza, "Yanavuja wapi? Niwekee video." Halafu tuma hela ya kutengeneza, hata kama ni mara tano ya ile.

Nyumbani kuna milima inayodai zaidi kuliko A12. Anayeshuka Kitonga kule Iringa, au anayepita Salgaa kuelekea Nakuru, anajua tunachozungumza. Ndugu zetu wa Oman wanajua kizuizi cha polisi cha kupanda Jabal Akhdar, gari lisilo fo-wili halipiti. Kwenye miteremko kama hiyo mafuta ya zamani ndipo yanapochemka. Magazeti yetu yanaandika "gari lilifeli breki" kana kwamba breki ziliamka asubuhi zikaamua. Mara nyingi kulikuwa na mtu aliyekuwa anaongeza.

Jumapili hii, kabla hujafungua programu ya kutuma hela, fungua boneti. Gari liwe limesimama sawa na limepoa. Tafuta kitangi cha mafuta ya breki, soma alama ya juu na ya chini, weka alama yako kwa kalamu na tarehe. Jumapili ijayo angalia tena. Mafuta yakiwa palepale, shukuru Mungu na utume hela kwa amani. Yakiwa yameshuka, usinunue kijichupa. Piga simu gereji.